Petali ya mwisho haiingii

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Tanga, kazi yangu uhasibu. Mwaka jana dada yangu anayeishi Muscat aliniletea kitabu cha kupaka rangi mandala, ile michoro ya maua na nakshi ndani ya duara, na boksi la penseli 24. Tangu hapo watoto wakishalala nakaa mezani napaka, nakuja kushtuka ni saa sita za usiku. Mume wangu ananicheka, anasema nimerudi chekechea. Jirani naye kaniambia hizo ni ibada za Wahindi, niache. Kitabu sasa kimeisha. Nimejaribu kuchora ya kwangu: duara linakubali, lakini petali zikizunguka, ya mwisho haiingii, au inabaki nafasi. Nikipaka rangi inakuwa vurugu tupu. Nifanyeje? Na kwa nini kitu kidogo hivi kinanipa raha kiasi hiki?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi kwa mpigo mmoja na yote nitayajibu, ila mpangilio nitauvuruga. Naanza na petali ya mwisho, maana ndiyo iliyonifanya nicheke peke yangu. Nimefundisha uchoraji na jiometri miaka 28, na sikumbuki mwaka uliopita bila mwanafunzi kuniletea ua lenye petali saba nono na moja iliyokondeana kama haikuzaliwa nyumba hiyo.

Petali hiyo ya mwisho haina kosa. Kosa wamelifanya wenzake saba waliotangulia. Kila mmoja kajiongezea upana wa unywele mmoja, na deni lote likamwangukia anayefunga foleni. Wewe ni mhasibu, hili unalijua kuliko mimi. Ni kama mtu anayepakua pilau ya shughuli kwa kukisia: sahani za mwanzo nyama inadondoka, mgeni wa mwisho anaambiwa avumilie ukoko. Aliyehesabu wageni kabla ya kushika upawa hapati aibu hiyo.

Kwa hiyo gawanya duara kwanza, kuchora kuje baadaye. Mandala zile za kitabuni zilianza kama gurudumu la baiskeli: kitovu katikati, spoki zinazotoka humo kwa pembe sawa, na duara ndani ya duara. Maua yote unayoyapenda yamekuja kukaa juu ya gurudumu hilo, kisha gurudumu likafutwa kwa raba. Wewe umeyaona maua, gurudumu hukulikuta.

Njia ya kwanza ya kulipata haitaki chombo cha dukani. Laza kisosi juu ya karatasi, zungusha penseli ukingoni, ukate duara hilo kwa mkasi. Likunje katikati, ukingo juu ya ukingo. Likunje tena, kisha mara ya tatu, halafu ulifungue. Mikunjo imekupa kitovu na spoki nane, kila moja nyuzi 45 kutoka kwa mwenzake, na hujapima chochote. Mara ya nne ingekupa 16, lakini hapo karatasi imeshakuwa nene na mkunjo huanza kudanganya. Afadhali ufungue, kisha ukunje kila pengo peke yake. Kiduara hicho ndicho kigezo chako. Kiweke juu ya karatasi safi, toboa kitovu kwa sindano, tia alama ukingoni kwenye kila mkunjo, kiondoe, unganisha alama na kitovu kwa rula. Kitunze ndani ya daftari. Kigezo kimoja hutumika mpaka kichakae.

Njia ya pili ni bikari, ile iliyolala ndani ya kikebe cha hesabu cha mwanao. Chora duara, na ukimaliza usiipanue wala usiibane. Chomeka ncha popote juu ya mzingo, kata tao dogo pembeni, hamia pale ulipokata, kata tena. Ukifika hatua ya sita utakuwa umerudi palepale ulipoanzia. Ni sita kamili, hakuna chenji. Umbali kati ya alama na alama ni sawa na nusu kipenyo, kwa hiyo alama mbili zikiungana na kitovu zinafanya pembetatu yenye pande tatu sawa. Pembe yake ni nyuzi 60, na 60 mara sita ni 360. Badala ya kukata matao mafupi, yaache yapite ndani ya duara kutoka mzingo hadi mzingo, na ua la petali sita litajitokeza lenyewe mbele ya macho yako. Nimeona walimu wenzangu wa hesabu, watu wazima wenye mvi, wakilichora mara mbili mbili kwa furaha tu.

Bikari nayo ina hila zake. Skurubu ikilegea na miguu ikapanuka nusu milimita, usidhani kosa litabaki nusu milimita. Linakua kila hatua, na ukirudi mwanzo unakuta umepishana na alama ya kwanza kwa karibu milimita tatu na nusu. Huyo ndiye mwizi wa petali yako. Kaza skurubu, chonga penseli, anza upya. Usijaribu kulisukuma kosa kwa mkono.

Ukitaka 12 kutoka kwenye sita, chomeka bikari kwenye alama mbili zinazofuatana, kata matao mawili yakutane nje ya duara, kisha vuta mstari kutoka makutano hayo hadi kitovu. Fanya hivyo kuzunguka. Kwa mwanzo usizidi 12. Spoki 24 huvutia kitabuni, lakini karibu na kitovu mistari hubanana mpaka penseli inakosa pa kupita.

Sasa mizunguko. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, kwa hiyo duara kubwa la nusu kipenyo cha sentimita 9 linakaa vizuri na kubakiza pembezoni pa kushikia. Ndani yake chora mengine kwa nusu kipenyo cha 1, 2, 3.5, 5.5 na 6.5. Tazama upana wa kila ukanda: haulingani, nami nimetaka usilingane. Wanafunzi wangu hupenda kugawa sawasawa, sentimita moja na nusu kila mahali, na matokeo yake huwa kama shabaha ya kulengea mishale. Ukanda mpana ni wa petali. Ukanda mwembamba ni wa nukta, vipembe, mnyororo, vitu vidogo vya kulipumzisha jicho kabla halijaingia kwenye petali nyingine.

Ukifika kwenye petali zenyewe, usichore petali moja ukaimaliza, ukaenda ya pili ukaimaliza. Weka kwanza nukta ya ncha juu ya kila spoki, zote. Kisha chora shavu la kushoto la kila petali, uzunguke mpaka urudi. Halafu mashavu ya kulia. Mkono unaorudia tao moja mara nane mfululizo hulichora karibu sawa mara zote nane. Mkono unaorukaruka kushoto kulia husahau. Na zungusha karatasi. Mkono ubaki pale ulipozoea, karatasi ndiyo ije kwake, kama mfinyanzi na chungu chake.

Ukisharidhika, pita juu ya mistari kwa kalamu ya wino mweusi yenye ncha ya nusu milimita. Subiri wino ukauke kabisa kabla ya kufuta penseli. Hapa ndipo kazi za watu wengi zinapofia: dakika mbili za haraka, na kazi ya siku tatu inageuka moshi. Na kama petali ya tatu imeponyoka, ikatoka na kijipembe ambacho hukukikusudia, usiifute. Kitie kijipembe hicho kwenye petali zote. Hakuna atakayejua kuwa kilizaliwa kwa bahati mbaya.

Nimekaa sana kwenye petali, najua. Nimefanya hivyo kwa sababu jibu la swali lako la mwisho, lile la raha, limo humohumo. Tazama kinachokutokea baada ya gurudumu kukamilika. Mchana kutwa unaulizwa maswali yasiyo na ukingo: hesabu hizi mbona hazifungi, ada italipwa lini, kesho watakula nini. Usiku mezani unaulizwa jambo moja tu, na jibu lake liko sentimita mbili kutoka kwenye ncha ya penseli. Petali hii imekwisha, inafuata ile. Kazi ina kanuni inayokushika mkono, lakini haijakufunga: nukta au mstari, bluu au kijani, hayo ni yako. Ni ngumu kiasi cha kukuzuia usiwaze bili ya maji, na ni nyepesi kiasi cha kutokutisha. Kazi za namna hiyo ni chache sana duniani, na bahati mbaya nyingi tumewaachia mabibi zetu.

Mama yangu alishona kofia za viua Unguja. Kitundu kimoja, uzi kukizunguka, kitundu kingine, uzi kukizunguka, na kofia moja ilimchukua miezi. Kile kiduara cha juu cha kofia, kinachokaa utosini, nakshi yake ilitoka katikati ikaenda ukingoni kwa mafungu yanayolingana. Neno mandala mama alikufa hajalisikia. Lakini kukiwa na ugomvi nyumbani tulijua: mama akichukua kofia akakaa dirishani, asemeshwe baada ya Alasiri. Kawa la mezani nalo lilikuwa la namna hiyohiyo, ukindu uliotiwa rangi, umeanzia kilele ukazunguka hadi chini, pete nyekundu, pete ya kijani, pete ya zambarau. Nikiwa mtoto nilikuwa nalipindua nikilitazama kwa ndani mpaka nikapigwa kofi, chakula kinaingia nzi.

Wazungu wana hadithi yao ya jambo hili. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alichora mandala yake ya kwanza mwaka 1916, hata hajajua ni kitu gani. Mwaka 1918 na 1919, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiishia, alikuwa msimamizi wa kambi ya wanajeshi wa Kiingereza waliozuiliwa huko Château-d'Oex, Uswisi, na kila asubuhi alichora duara dogo katika daftari. Alisema duara la siku lilimwonyesha hali ya moyo wake: akiwa na kinyongo, umbo lilikuja limepasuka au limeegemea upande. Kutokana na daftari hilo alijenga nadharia ndefu kuhusu nafsi ya binadamu, na ndiye hasa aliyeliingiza neno mandala katika kliniki za Ulaya na Marekani. Mimi nadharia yote siibebi. Ile asubuhi na lile daftari naviamini, kwa sababu nimeona mwanafunzi aliyepigwa nyumbani akichora, na nimeona mistari yake.

Kuhusu utafiti, kuna jaribio moja ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Mwaka 2005 Wamarekani wawili, Nancy Curry na Tim Kasser, walichukua wanachuo 84, wakawatia wasiwasi kwanza kwa kuwataka waandike kuhusu jambo lililowahi kuwaogopesha, kisha wakawapa penseli za rangi kwa dakika 20. Kundi moja lilipaka mandala. La pili lilipaka mchoro wa mirabaraba, tuseme kama wa shuka la Kimasai. La tatu lilipewa karatasi tupu na kuambiwa lichore linachotaka. Waliopaka mandala walitulia. Waliopaka mirabaraba nao walitulia, karibu sawa na hao. Waliopewa uhuru wote hawakupata nafuu hiyo.

Umeona? Duara lenyewe halikuwa na uganga. Kilichosaidia ni mpaka: mtu aliyejaa wasiwasi ukimpa karatasi tupu umemwongezea kazi ya kuamua, ukimpa vichumba vya kujaza umempokonya mzigo. Mwaka 2012 jaribio hilo lilirudiwa na watafiti wengine, na safari hiyo mandala ikaishinda mirabaraba. Zipo pia tafiti za baadaye ambazo hazikuona tofauti kubwa baina ya kupaka mandala na kujichorea tu. Mimi naegemea ile ya 2005 kwa sababu inafanana na niliyoyaona kwa macho yangu darasani. Ila nikuambie na jambo lingine kwa uwazi: penseli haitibu ugonjwa. Kama usiku hulali wiki baada ya wiki, au unapaka rangi huku machozi yanadondoka bila sababu unayoijua, nenda ukamwone daktari. Mandala itakusubiri mezani.

Mume wako sina ugomvi naye. Kama ni mcheza bao, muulize yeye hufanya nini barazani saa tatu nzima, kete moja moja, shimo kwa shimo, mzunguko juu ya mzunguko. Na kama ana moyo mpe bikari akutafutie spoki 12 bila kupishana. Kicheko kitapungua kidogo.

Jirani ana hoja nzito zaidi, na si haki kumpuuza, maana hajakosea kabisa. Neno mandala ni la Kisanskriti, na maana yake ya kwanza ni duara. Katika Uhindu na Ubudha, duara hilo kweli limebeba ibada. Mandala ya Kalachakra ya watawa wa Tibet ni kasri ya mungu wao iliyochorwa kama unaitazama kutoka juu, nao husema ndani yake wanakaa miungu 722. Huitengeneza kwa mchanga wa rangi: watawa wanne wanakaa pande nne, wanaanzia katikati, kila mmoja ana mrija wa chuma wenye mikwaruzo, anaukwangua kwa chuma kingine na mchanga unadondoka chembe chembe kama maji. Kazi ya siku kadhaa, pengine wiki. Mwaka 1988 waliifanya hadharani kwenye jumba la makumbusho New York, na watu wakajaa kuitazama. Ikikamilika wanaomba, kisha wanaifagia kutoka ukingoni kuja katikati na kumwaga mchanga mtoni. Huko Java, Indonesia, liko hekalu la Kibudha la Borobudur, la karne ya 9, majukwaa sita ya mraba na juu yake matatu ya duara. Ukiliangalia kutoka angani ni mandala ya mawe. Hivyo ni vitu vya watu na imani zao, na nakusihi usivichukulie kama mapambo ya kalenda.

Kuna pia michoro ya mlangoni. Wanawake wa Kitamil kusini mwa India huamka alfajiri wakachora kolam kizingitini kwa unga wa mchele, nukta kwanza, halafu mstari unaozizunguka nukta hizo. Kufika jioni miguu na sisimizi wameimaliza, kesho wanachora nyingine. Na ukipita wanakoishi Wahindu Mombasa au Dar es Salaam siku za Diwali utaziona rangoli za unga wa rangi mbele ya milango. Pengine hizo ndizo jirani yako alizoziona.

Sasa wewe unachora kipi katika hivyo? Kutokana na maelezo yako, unachora petali ndani ya duara. Hilo halina mwenyewe. Mafundi wa Kiislamu walilipeleka mbali kwa bikari na rula tu, nenda katazame picha za kuta za Alhambra, kasri ya wafalme wa Kiislamu kule Granada, Hispania. Mapambo ya duara yanayofungua misahafu ya kale huitwa shamsa, kutokana na jua. Wakristo wa Paris waliliweka kwenye ukuta wa kusini wa kanisa la Notre-Dame, dirisha la vioo vya rangi lenye kipenyo cha karibu mita 13, tangu karne ya 13. Na mawaridi ya duara yaliyochongwa kwenye milango ya Lamu na Unguja umeyapita mara ngapi bila kuuliza yanasali kwa nani? Mimi si shehe wala padri. Moyo ukiendelea kusita, muulize anayekuongoza katika dini yako, umwonyeshe karatasi yenyewe badala ya kumtajia jina. Jina likikukera liite duara la maua, penseli haitajua.

Imebaki vurugu ya rangi. Hapa boksi lako la penseli 24 ndilo adui. Mtu akiwa na 24 huona aibu kuziacha 20 zimelala, anazigusa zote, na mandala inageuka kachumbari. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, kisiwani Pate, karne ya 18 na ya 19, imenakshiwa kwa nyekundu, nyeusi na manjano, na ukurasa wake hauombi rangi nyingine. Wewe nakupa nne. Chagua moja iliyokoza, moja ya katikati, moja nyepesi, na ya nne iwe mchokozi, rangi inayopiga kelele, ambayo utaigusa mahali pachache tu. Zile 20 zifungie kabatini usiku huo.

Kabla hujaanza, zipange nne hizo pembeni mwa karatasi ya majaribio, fumba macho nusu, uzitazame. Mbili zikionekana moja, badilisha mojawapo. Hili watu hulisahau: tunahangaika nyekundu au bluu, wakati jicho linaanza kuona mwanga na giza kabla halijajali jina la rangi. Nyekundu iliyokoza na kijani kilichokoza vikikaa pamoja, ukiwa mbali ni doa moja. Ukizipandanisha ndiyo balaa zaidi, zinatoa udongo. Nina hakika udongo huo unaujua.

Usijaze kila kichumba. Karatasi nyeupe nayo ni rangi, na ni ya bure. Acha walau kimoja katika kila vinne kiwe kitupu. Weka nyepesi kwenye kitovu na iliyokoza ukingoni, mandala itang'aa kama taa. Geuza, na itazama kama kisima. Jaribu zote mbili kwa mchoro mmoja uliotolewa kopi, utastaajabu jinsi zisivyofanana.

Bonyeza kidogo. Tabaka tatu nyepesi zinashinda moja ya nguvu, maana penseli ikibonyezwa nta yake inalainisha karatasi na rangi ya pili inateleza juu yake. Rangi moja iizungushe duara lote kwenye maumbo yote yanayofanana, ndipo uchukue nyingine. Weka karatasi chakavu chini ya kiganja, la sivyo jasho litakuchorea la kwake. Maka peni ukizitaka, acha karatasi ya kawaida ya gramu 80, wino unapenya mpaka mezani. Nunua manila, ukate vipande vya A4, na uanze na zile nyepesi kabla ya nyeusi.

Lile la saa sita za usiku silifurahii, kesho yake una vitabu vya watu vya kufunga. Jiwekee mzunguko mmoja kwa usiku mmoja, ukifika ukingo wa ukanda huo unazima taa hata kama mkono unawasha. Gurudumu nililokupa lina kanda sita ukihesabu kiduara cha katikati. Ukianza Jumatatu, Jumamosi utakuwa ukingoni.